Mwili mmoja, vichwa vingi: shajara ya mradi, Lubumbashi

Machi 8

Mama anayeuza midoli ya mitumba soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ameniachia mfuko mzima wa miili isiyo na vichwa, kwa bei ya kutupa. Kwake hizo ni takataka. Mtoto hamtaki shujaa aliyekatwa kichwa, na mzazi hatoi franka zake kwa kiwiliwili. Kwangu ni malighafi. Mikono inakunjika, magoti yanakunjika, nyayo zinakanyaga chini zikatulia. Kilichopungua ni sura, na kuchonga sura ndiyo kazi ninayoiweza.

Mradi wenyewe: vichwa vya kuchomeka na kuchomoa, vinavyokaa kwenye miili ya asili tofauti, ili mtoto mwenye mdoli mmoja awe na watu watano. Huko ng'ambo wakusanyaji wana soko lao kabisa la vichwa vitupu; mtu ananunua kichwa kama anavyonunua shati, mwili anao nyumbani. Hapa kwetu miili imejaa na vichwa havipo. Nitaanzia hapo.

Machi 10

Nimeitandaza yote mezani na kuipanga kwa urefu. Mingi ina kama sentimita 15, yaani kipimo cha moja kwa kumi na mbili: mtu wa mita 1.80 amepunguzwa mara kumi na mbili. Kwa kipimo hicho, kichwa cha mtu halisi kingetoka na kimo cha sentimita 2 pungufu kidogo. Watengenezaji huvimbisha kichwa kidogo ili uso uonekane, na mimi nitafuata hivyo hivyo: milimita 22 kutoka kidevu hadi utosini. Ile mirefu ya sentimita 30 na ile mifupi ya kama kidole nimeirudisha mfukoni. Ukitaka kumvisha kila mtu utaishia kuwaacha wote uchi.

Machi 14

Leo ni siku ya shingo, na nadhani mradi wote utabaki kuwa siku ya shingo.

Nimepima kwa kalipa kila kinachotokeza mabegani. Kuna miili yenye gololi juu ya shingo, ikiingia kwenye tundu lililo ndani ya kichwa. Kuna iliyo kinyume, shingo ina tundu na kichwa ndicho kilichokuwa na gololi. Kuna yenye kijiti chenye gololi mbili, moja huku moja kule, kama chuma cha wanyanyua uzito; hii ndiyo inayomruhusu mdoli kutazama juu na kuinamisha kichwa vizuri. Na kuna ya zamani ambayo kichwa kinazunguka tu kushoto na kulia juu ya kisahani, basi.

Hata zenye gololi hazilingani. Nimekuta za milimita 6, za 7, za 8, na zilizo katikati ya hizo. Kila kampuni ina kipimo chake, na kampuni moja hubadilisha kutoka toleo moja hadi jingine. Ndiyo maana vichwa vingi vya watu wanaojitengenezea hulegea vikazunguka kama tairi bovu, au hukaza mpaka shingo ikakatikia ndani. Watu husifu sura, sura hupigwa picha, lakini mtoto akikitikisa kichwa kikaanguka, sura imekwisha kazi.

Takara, kampuni ya midoli ya Japani, walilitatua jambo hili kwa kuamuru kipimo. Midoli yao ya Microman ya mwaka 1974 ilitumia vijiti na matundu ya milimita 5, kila kipande kikaingia kwenye kila kingine. Kampuni ya Mego wakaipeleka Marekani mwaka 1976 kwa jina la Micronauts. Ukimiliki kiwanda unaweza kuamuru. Mimi namiliki mfuko wa miili ya mitumba, siwezi kuiamuru chochote.

Machi 17

Jibu limetoka kwa mafundi wa magari wa mtaani kwetu, ingawa wao hawajui. Fundi akiletewa chuma chenye tundu pana kuliko mhimili, habadilishi mhimili wala chuma. Anaingiza bushi katikati, yaani kibomba cha kuziba nafasi.

Basi: tundu la ndani ya vichwa vyangu vyote litakuwa moja, upana milimita 11, kina 11, lenye ngazi ndogo ukingoni ya kushikilia. Ndani yake inaingia bushi laini ya silikoni, kwa nje ipo sawa kwa vichwa vyote, kwa ndani inafuata gololi ya mwili husika. Mwili ukibadilika, unabadilisha bushi, kichwa ni kile kile. Gololi ikizidi milimita 9 ukuta wa bushi unakuwa mwembamba mno, hiyo tunaiacha.

Niliwaza pia sumaku. Zile ndogo kali zinauzwa, na kichwa kingeruka chenyewe mahali pake, raha tupu. Nimezikataa bila mjadala. Mtoto akimeza sumaku mbili zinatafutana tumboni kutoka utumbo mmoja hadi mwingine na kutoboa nyama iliyo katikati. Mkusanyaji mzima na kabati lake la vioo afanye atakavyo. Vitu vyangu vinakwenda Katuba na Kamalondo, kwenye vibaraza vyenye watoto wa kila umri.

Machi 29

Kuchonga vichwa mama, ndivyo navyoviita vile vya kwanza ambavyo vingine vyote vitazaliwa navyo. Natumia epoksi ya kukanda ya pande mbili, ile mafundi bomba wanayozibia mabomba yanayovuja. Haina uzuri wa zile za wachongaji, ina punje, na inakauka upesi kuliko mkono wangu. Lakini iko kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Njia yangu: fuvu kwanza, liache likauke, halafu pua na paji juu yake, liache likauke, halafu midomo na masikio. Ukikanda vyote kwa mara moja, kidole kinachotengeneza sikio la kushoto kinafuta la kulia.

Orodha ya wa kwanza: mchimbaji mwenye taa ya kichwani, mama mwenye kitambaa kilichofungwa kwa mbele, mshabiki wa klabu ya mpira ya Mazembe aliyepaka uso nusu nyeupe nusu nyeusi, mshabiki wa Lupopo, wapinzani wao, njano na bluu. Mdogo wangu ameomba kipa mwenye nywele za Kidiaba, kipa wa zamani wa Mazembe, zile zilizosukwa zikasimama juu. Atapewa. Nywele hizo kwa mchongaji ni zawadi, zinatambulika hata ukiwa umekaa upande wa pili wa barabara.

Nilitaka pia kichwa cha kifwebe, kinyago cha kuvaa cha Wasongye; ile mistari iliyochimbwa sambamba usoni ingependeza mno kwa kipimo kidogo. Mzee wetu wa upande wa mama, ambaye ni Msongye, aliangalia mchoro akaurudisha mezani taratibu.

“Kifwebe haiko kitu ya kuchezea, mutoto.”

Akanieleza kwamba ule wa kiume una upanga wa mbao juu ya paji, kama ule wa jogoo, na wa kike huwa mweupe zaidi na hauna upanga mkubwa, na kwamba anayeuvaa si mtu tena kwa muda ule. Nimeuondoa kwenye orodha. Kuuweka juu ya mwili wa mwanamazingaombwe wa plastiki mwenye suruali ya kubana kungekuwa utani, na si utani wangu kuutoa.

Aprili 12

Kalibu, yaani umbo la kumiminia. Silikoni ya maji inayonunuliwa na wachongaji haipatikani hapa kirahisi, na ikipatikana bei inakuuma. Badala yake nachukua silikoni ya mafundi wa madirisha, ile ya bomba yenye harufu kali ya siki, naichanganya na wanga wa mahindi wa dukani.

Silikoni hiyo peke yake hukauka kutoka nje kwenda ndani kwa kunyonya unyevu wa hewa. Tonge nene litabaki bichi tumboni kwa siku nyingi. Wanga unabeba unyevu kidogo kila mahali ndani ya tonge, kwa hiyo linakauka lote kwa pamoja, katika dakika chache. Mikono naichovya kwenye maji ya sabuni ya vyombo, nakanda kama unga wa ugali mgumu, mpaka lisigande vidoleni tena. Kabla ya hapo nimekwisha kumpaka kichwa mama vaselini nyembamba sana, halafu utando wa silikoni tupu kwa brashi, nikiusukuma kwenye pembe za macho na nyuma ya masikio, kwa sababu tonge lenye wanga ni zito na halijipenyezi kwenye mifereji. Utando ukianza kushika ndipo naliweka tonge juu yake na kulibana.

Nusu ya mbele kwanza, na vishimo vinne vya kufungia pembeni. Vaselini juu ya ukingo wote, maana silikoni hugandana na silikoni mwenzake. Kisha nusu ya nyuma. Mshono nimeupitisha nyuma ya masikio, mahali ambapo msasa hautakula sura. Mdomo wa kumiminia uko shingoni, na njia mbili nyembamba za hewa zinatoka utosini.

Nyumba nzima inanuka achari. Mama mkubwa ameuliza kama nimeanza biashara ya kachumbari.

Aprili 19

Kujaza kalibu: nimejaribu kwanza unga na maji ya akriliki ya fundi meno ya bandia, jirani yetu. Mzee huyo ni mkarimu, alinipa kidogo cha rangi ya waridi ya ufizi. Inashika upesi na ni ngumu, ila inasinyaa ikikauka, na kwenye tundu la milimita 11 kusinyaa ndiko nisikokutaka. Pia harufu yake inaingia kichwani. Inabaki kwa kuziba mapengo tu.

Nimeagiza resini ya poliuretani, chupa mbili, A na B, kiasi sawa kwa kiasi sawa. Imetoka Afrika ya Kusini na imesubiri mpakani Kasumbalesa pamoja na malori yote ya dunia.

Aprili 27

Resini imefika. Mvua za mwisho mwisho bado zinanyesha, hewa ni nzito, na vichwa vinatoka na povu kama mkate. Hii si siri ya resini hii peke yake: upande mmoja wa poliuretani ukikutana na maji unatoa gesi ya kaboni, na gesi hiyo ndiyo vipovu. Hewa ya msimu wa mvua ina maji. Na kalibu yangu ina wanga, na wanga una maji. Mchimbaji alitoka na ngozi yenye matundu tupu upande ule ule uliogusa tonge mahali utando wa silikoni ulipokuwa mwembamba, kwa hiyo ushahidi uko wazi.

Dawa: kukausha kalibu. Naziweka kwenye sufuria kavu kando ya mbabula, jiko letu la mkaa, mbali na makala (makaa) yenyewe, mpaka zipate joto la kushikika kwa mkono, kisha namimina zikiwa bado na uvuguvugu. Chupa nazifunga mara tu baada ya kumimina, na sifungui mvua inaponyesha. Povu limepungua sana. Mapengo yanayobaki yanaingia akriliki ya ufizi, na rangi inafunika.

Kumimina na kusugua nafanyia kibarazani, na glavu, na barakoa wakati wa msasa. Vumbi la resini halina rafiki kwenye mapafu.

Mei 11

Mvua zimekatika. Vichwa vinatoka safi, hata pua ya kipa.

Nikisubiri resini ishike nilikuwa nafikiri jinsi wazo hili lilivyo la zamani. Mr. Potato Head ya Hasbro ilipotoka mwaka 1952 haikuwa na kiazi cha plastiki ndani ya boksi: kulikuwa na macho, pua na midomo yenye vijiti, na kichwa ulikitoa jikoni, kiazi cha kweli. Kiazi cha plastiki kilikuja mwaka 1964. Na Mego, kwa mashujaa wao wa miaka ya 1970, waliona kwamba mwili mmoja wa inchi 8 unatosha karibu kila mtu, ukibadilisha kichwa na nguo tu. Halafu mwaka 1983 Mattel wakamleta Man-E-Faces, mwenye nyuso tatu ndani ya kofia moja: mtu, zimwi na roboti, unazungusha kitufe juu. Ni ujanja mzuri, ila nyuso ni zile zile tatu mpaka mwisho wa dunia. Kwangu kichwa kinachotoka kina faida moja juu ya kinachozunguka: rafiki yako anaweza kukuazima.

Mei 18

Rangi. Hapa nakaa muda mrefu na sioni haya.

Rangi za mafuta nimeziweka kando. Kwenye resini zingekubali, lakini mtoto atataka kupaka na mwili, na mwili ni plastiki laini ya PVC. Dawa inayoilainisha hupanda juu polepole na rangi ya mafuta inabaki inanata daima, inakusanya vumbi na nywele. Akriliki ya maji, safu nyembamba nyingi, vanishi isiyong'aa juu.

Ngozi yetu ndiyo mtihani. Anayetaka kuifanya kahawia iwe nzito akaweka nyeusi, anapata rangi ya majivu, mtu aliyelala mochwari. Mimi naanza na kahawia nyekundu ya udongo, ile ya udongo wa barabara zetu baada ya mvua, nazidisha kwa bluu nzito badala ya nyeusi. Inakuwa nyeusi yenye damu ndani yake. Kwenye paji, ncha ya pua na juu ya mashavu naongeza njano ya udongo kidogo, si nyeupe. Midomo ya chini ina wekundu zaidi ya ile ya juu. Jicho: nyeupe chafu, yenye tone la kahawia, kamwe si nyeupe ya chaki, na mboni inaguswa na kope la juu, vinginevyo kila mtu anaonekana ameona nyoka.

Tatizo lililobaki ni kwamba miili mingi ya mfukoni ina shingo na mikono ya waridi. Kupaka mikono hakudumu, viungo vinakwaruzana na rangi inakatika. Kwa hiyo nachagua miili yenye glavu na nguo hadi kooni, na vichwa vipya nimevichonga pamoja na shingo inayoshuka hadi kwenye kola. Mama wa kitambaa ana ncha ya kitambaa inayoning'inia nyuma na kufunika yote. Mwili wake ulikuwa wa askari wa anga za juu. Ukimtazama sasa ungedhani anatoka kuuza makala.

Mei 30

Bushi. Nasokota kitonge cha silikoni na wanga, nakiingiza kwenye tundu la kichwa lililopakwa vaselini, naipaka gololi ya mwili vaselini pia, nasukuma. Nasubiri. Nazungusha taratibu, gololi inatoka, na ndani imeacha umbo lake kamili, ukingo ukiwa umepita nusu ya tufe kidogo. Hicho kipande kilichopita nusu ndicho kinachoshika. Ukisukuma tena unasikia *tak*. Sauti hiyo nimeitafuta tangu Machi.

Kutofautisha vipimo nimetia tone la rangi ya akriliki ndani ya tonge, ambalo pia linaharakisha kukauka kwa sababu lina maji: nyekundu milimita 6, njano 7, bluu 8.

Uzito nao umejirekebisha wenyewe. Kichwa cha resini kilichojaa kilikuwa kinaangusha mdoli kifudifudi. Tundu pana la bushi limekipunguza, na sasa anasimama hata kwa mguu mmoja ukimpanga.

Juni 14

Majaribio na watoto wa uani, wakati wa baridi hii ya asubuhi, wote wamejifunga vitenge. Sikuwaeleza kitu, niliweka miili na vichwa kwenye sinia.

Dakika ya kwanza vichwa vyote vilikuwa vimekwisha kubadilishwa. Mdogo wangu akapiga kelele: “Yaya, huyu wa Lupopo, mwili yake njo ya Mazembe!” Ugomvi mkubwa, wa furaha. Mechi ikapigwa kwa punje ya mahindi, na kila goli lilipoingia aliyefungwa alilazimishwa kuvaa kichwa cha timu ya mwenzake mpaka asawazishe. Sheria hiyo ni yao. Ningekaa mwezi mzima nisingeibuni.

Nilichokiona kwa macho: hakuna shingo iliyovunjika. Bushi moja ya njano ilitoka pamoja na gololi, ngazi ya ndani ya kichwa kile ilikuwa imelika kwa msasa. Na mtoto mmoja wa Mazembe alikataa katakata kichwa chake kiwekewe bushi ya njano, ingawa haionekani kwa nje. Alijua ipo. Njano imekuwa kijani, na bluu imekuwa kahawia, ili amani idumu.

Dada yake mdogo, asiyefika miaka mitatu, alikwenda moja kwa moja na kichwa cha kipa mdomoni. Kipimo kinachotumiwa kimataifa kwa vitu vya watoto wa umri huo ni bomba la upana wa milimita 31.7: kinachoingia ndani yake kinaweza kumkaba. Vichwa vyangu vinaingia vyote, tena kwa nafasi. Kila mfuko utaandikwa kwa herufi kubwa, Kiswahili na Kifaransa, si kwa walio chini ya miaka 3, na kwa mdomo nitasema pia, kwa sababu karatasi watu huitupa kabla ya kuisoma.

Juni 28

Mama wa soko la Kenya ameweka sinia la kwanza mbele ya meza yake: miili kushoto, vichwa kulia, bushi kwenye kifuniko cha chupa. Mwili na kichwa kimoja ni bei moja, kichwa cha ziada ni nusu yake. Nilidhani mchimbaji atatangulia. Waliotangulia ni wenye vitambaa. Wasichana wanawataka kina mama, na wavulana pia, maana kila mchezo unahitaji mtu wa kuwaita watu wakale.

“Mutoto wangu,” ameniambia, “leta ba mama bengi, na mumoya mwenye kubeba mutoto ku mugongo.”

Mtoto wa mgongoni si kichwa. Ni kipande cha tatu, kinahitaji kishikizo cha kiunoni, na miili yangu haina tundu hapo. Nimeanza kuchora kitenge cha silikoni kinachojifunga chenyewe kwa kubana, chenye kichwa kidogo kinachochungulia begani. Kalibu mbili za vitambaa zimechoka pia, midomo ya kumiminia imechanika. Kesho asubuhi nanunua bomba nyingine mbili za silikoni na wanga.